Gisenyi, Ambapo Hata Ndege Hupiga Hodi

Mwezi huu ukurasa wa safari unakwenda Gisenyi, ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, mji ambao wengi wetu tuliupita mbio na mizigo kichwani, hata hatukuutazama vizuri. Safari hii tulikwenda taratibu. Tuliomba ruhusa ya kutoka kambini, tukaipata, tukakaa siku nne, na mfukoni tulikuwa na swali moja.

Swali hilo lilitoka kwa mama mmoja wa kartie ya tatu. Mama mkwe wake yuko Goma, mzee, miguu haimbebi tena. Kwenye mkutano mama huyu alisimama akasema: "Gisenyi kuna uwanja wa avioni. Goma kuna uwanja wa avioni. Ukipanda kilimani unaviona vyote viwili bila hata kugeuza shingo. Sasa kwa nini kandege kadogo kasiruke tu kule kakamlete bibi?" Watu wakacheka. Sisi tuliliandika, maana mama hakusema uongo. Kutoka uwanja mmoja hadi mwingine ni kama kilometa mbili na nusu tu. Kwa mtu mwenye miguu mizuri si safari ya kubebea maji.

Kwanza tuwaambie habari za mji wenyewe. Kwenye karatasi za serikali wilaya inaitwa Rubavu tangu mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006, lakini mdomoni mwa watu mji ni Gisenyi, na kwenye vitabu vya marubani uwanja ni Gisenyi vilevile, alama yake HRYG. Mgeni akiambiwa redioni au kwenye barua "Rubavu" anaweza kuhangaika na ramani akiutafuta uwanja ambao uko mbele ya macho yake. Chini kuna ufuko wa ziwa, watoto wanaogelea, akina mama wanauza sambaza. Juu kaskazini kuna Nyiragongo, mita 3,470, na usiku wingu lake wakati mwingine huwa jekundu. Na upande wa magharibi kuna Petite Barrière, ambapo kabla ya korona makumi ya maelfu ya watu walikuwa wanavuka kila siku na vikapu vyao. Hayo mnayajua kuliko sisi.

Mtu aliyetufungua macho ni rubani mmoja Mkenya, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiendesha ndege ndogo za kukodi katika nchi za watu. Hakutaka jina lake liandikwe, basi tumwite Kapiteni. Tulimkuta ziwani anapumzika. Tukamuuliza ndege yake iko wapi tuione, akacheka: "Ndege iko Kanombe, Kigali. Hapa nimekuja na basi."

Hebu fikirini. Rubani mwenye ndege yake amekaa kwenye basi saa tatu na zaidi, kona baada ya kona, wakati kwa ndege ndogo Kigali na Gisenyi ni kama kilometa mia moja, nusu saa umefika. Tukamwuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu mimi hapa ni mgeni, na ndege yangu ni mgeni." Hapo ndipo somo lilipoanza.

Kumbe ndege ina uraia. Si utani. Kuna Mkataba wa Chicago, uliotiwa sahihi tarehe 7 Desemba 1944, ambao nchi karibu zote za dunia zimeukubali. Mkataba huo unasema ndege ina uraia wa nchi iliyoiandikisha, na haiwezi kuandikishwa na nchi mbili kwa wakati mmoja. Uraia wenyewe umechorwa ubavuni karibu na mkia. 9XR ni ya Rwanda, 5Y ya Kenya, 5H ya Tanzania, 5X ya Uganda, 9U ya Burundi, na za Kongo ni 9Q, siku hizi pia 9S. Hata ile nyeupe iliyoandikwa UN kwa herufi kubwa, ukiisogelea utaona herufi za nchi yake. Ndege nyingi za misaada tunazoziona ni 5Y, maana zimekodiwa Kenya. Ile UN ni shati tu imevaa.

Ndege isiyo na nchi hairuki. Tulipoandika sentensi hiyo kwenye daftari tulitazamana, halafu tukaendelea na kazi.

Leseni ya rubani nayo inafuata uraia wa ndege. Kapiteni ana leseni ya Kenya, kwa hiyo anaruhusiwa kuingia Rwanda akiwa anaendesha 5Y. Lakini mpe 9XR, ndege ya aina ile ile, rangi ile ile, viti vile vile, hawezi kuigusa mpaka wakubwa wa anga wa Rwanda wamthibitishie leseni yake kwa maandishi. Ameendesha maelfu ya saa, amepita kwenye mvua na mawe ya Turkana, lakini kwa ndege hiyo anahesabiwa kama mtu wa barabarani. Sisi tulikumbuka ndugu zetu waliokuwa manesi na walimu kule nyumbani. Hatukumwambia.

Halafu hodi yenyewe. Kabla ya kuingia anga la nchi nyingine, mwenye ndege anapeleka maombi kwa mamlaka ya usafiri wa anga: herufi za ndege, jina la rubani, abiria ni nani, anatoka wapi, anapita wapi, atafika saa ngapi. Akikubaliwa anapewa namba ya kibali, na namba hiyo anaiandika kwenye karatasi ya safari. Halafu hatui popote anapopenda. Mkataba unasema anayetoka nchi ya nje atue kwanza kwenye uwanja wenye forodha, wahamiaji wakague watu na mizigo. Kwa Rwanda mgeni kwa kawaida huanzia Kanombe.

Basi hapo mama wa kartie ya tatu amepata nusu ya jibu lake. Ndege inayotaka kutoka Goma kwenda Gisenyi kwa haki inapaa Goma, inakwenda Kigali kama kilometa mia moja, inakaguliwa, inaomba ruhusa ya safari ya ndani, halafu inarudi tena kilometa mia moja hadi Gisenyi. Kilometa mia mbili za angani ili kuvuka mbili na nusu. Kapiteni alichora duara hilo mchangani kwa kijiti, mtoto mmoja aliyekuwa karibu akauliza kama rubani amepotea.

Nusu ya pili ya jibu iko kwenye udongo na hewa ya pale pale.

Viwanja vyote viwili vimelala kaskazini kwenda kusini, kutoka upande wa volkano kuja upande wa ziwa, kama ndugu wawili juu ya mkeka mmoja. Katikati yao kuna mpaka. Angani hakuna kamba wala kizuizi, hakuna polisi wa kukupigia filimbi. Ndege ndogo inayokwenda polepole, tuseme kilometa 160 kwa saa, inakula kilometa mbili na nusu kwa dakika moja hivi. Ukipiga chafya na kutafuta kitambaa umehama nchi.

Kuna jambo jingine la ajabu. Duniani kote, marubani wa ndege ndogo wamezoea kuuzunguka uwanja kwa mkono wa kushoto, maana rubani mkuu anakaa kiti cha kushoto na upande huo anaona vizuri. Ni mazoea kama yetu ya kula kwa mkono wa kulia. Sasa simama Gisenyi utazame kaskazini. Kushoto kwako ni nini? Kongo. Anayepaa kuelekea Nyiragongo akafuata mazoea yake akakata kushoto, amejitupa moja kwa moja juu ya Goma, mbele ya ndege kubwa. Kwa hiyo mgeni lazima ajikaze akate kulia, kinyume na mkono wake unavyotaka. Akipaa kuelekea ziwani ni afadhali, kushoto ni Rwanda.

Na msidhani haya ni hadithi za kutishia watoto. Jumatatu tarehe 7 Novemba 2022, ndege ya vita ya Kongo aina ya Sukhoi-25 iligusa chini kwenye uwanja huu wa Gisenyi, ikaondoka tena. Rwanda ililalamika. Kongo ikajibu kwamba ndege haikuwa na silaha, ilikuwa kwenye doria na iliingia bila kukusudia. Tarehe 24 Januari 2023 ndege nyingine ya aina hiyo ilipigwa kombora ikiwa juu ya miji hii miwili, ikatua Goma inawaka. Rwanda ilisema ilikuwa imevuka, Kongo ikasema haikuvuka. Sisi si waamuzi wa jambo hilo, na jarida hili ni la familia. Tunalotaka mlione ni kwamba hewa inayobishaniwa na serikali mbili ndiyo hiyo hiyo mama anataka kandege kakate katikati yake. Rubani wa ndege ndogo hana bunduki, ana redio tu, na redio yenyewe anapaswa kuitumia kabla hajakaribia.

Redio nayo ina mambo yake. Lugha ya marubani wa kimataifa ni Kiingereza, lakini ukikaribia Kongo utasikia Kifaransa kinajibu Kifaransa, na wewe mgeni huelewi ni nani anatua na ni nani anapaa mbele yako. Kapiteni alijifunza Kifaransa cha namba na cha kulia na kushoto, basi. Anasema anaweza kutua kwa Kifaransa lakini hawezi kununua mkate.

Ila saa ndiyo iliyotuchekesha zaidi. Marubani wa dunia nzima wanatumia saa moja tu, ile ya Greenwich kule London, wanaiita Zulu. Gisenyi na Goma ziko saa mbili mbele yake. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ziko saa tatu mbele. Sasa chukua ndege inayofika saa nne asubuhi kwa saa yetu ya Kiswahili. Saa ya ukutani inasema 10:00. Simu ya Kapiteni, kama bado inashika saa ya Nairobi, inasema 11:00, yaani saa tano. Na karatasi ya safari imeandikwa 0800. Mpe Mswahili karatasi hiyo, asome "saa nane", ataleta gari la kumpokea mgeni baada ya chakula cha mchana, wakati mgeni ameshakaa juani saa nne nzima. Kapiteni anasema siku hizi akiongea na dereva haambii saa kabisa, anamwambia "jua likiwa hapa" na kuonyesha kwa kidole.

Barabarani pia, Kenya, Uganda na Tanzania magari yanapita kushoto, Rwanda na Kongo yanapita kulia. Angani hakuna ubishi huo. Ndege mbili zikikutana uso kwa uso, kila moja inakata kulia kwake, iwe ya Mkenya au ya Mfaransa. Hapo peke yake dunia imekubaliana.

Sasa urefu. Gisenyi uwanja uko mita 1,549 juu ya bahari, na maji ya Ziwa Kivu yenyewe yako kama mita 1,460. Huku juu hewa ni nyepesi, na ikipata joto inakuwa nyepesi zaidi. Siku yenye joto la digrii 25, bawa na injini vinajisikia kama viko mita 2,300. Injini ndogo ya petroli inapoteza nguvu, pangaboi linashika hewa kidogo, bawa linataka mwendo mkubwa zaidi ndipo libebe. Ndege ndogo ya watu wanne iliyozoea kupaa Mombasa au Zanzibar inaweza kuhitaji karibu mara mbili ya njia ile ili ipite juu ya miti. Na njia ya Gisenyi si ndefu, ni ya ndege ndogo. Kwa hiyo rubani mwenye akili anapunguza: anaacha mzigo, anaacha mafuta, mara nyingine anaacha mtu. Ukiona wanapima abiria kwa mizani pamoja na mabegi yao, si dharau, mama zetu msikasirike. Wanapiga hesabu ya uhai.

Kwa sababu hiyo asubuhi ndiyo saa ya ndege ndogo. Hewa ni baridi, ziwa limetulia. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, mawingu yanajikusanya juu ya milima, na alasiri ngurumo zinaanza. Jua likizama kama saa kumi na mbili na dakika chache, giza haliombi ruhusa, linaingia mara moja. Rubani aliyetoka Ulaya anadhani bado ana saa nzima ya mwanga kama kwao. Hana.

Volkano tunaijua wote. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma na kufunika upande wa kaskazini wa njia ya ndege, kwa miaka ndege zikawa zinatumia kipande kilichobaki. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama karibu na mji, na matetemeko yakapasua barabara na nyumba mpaka huku Gisenyi. Majivu yake ni sumu kwa injini. Novemba 2019 hapakuwa na volkano, lakini ndege ndogo ya abiria iliyokuwa inakwenda Beni ilipaa Goma ikaangukia nyumba za watu, na zaidi ya watu ishirini walikufa, wengine walikuwa nyumbani kwao tu. Kandege kadogo si kitu cha kuchezea. Tunasema hivyo kwa ajili ya vijana wanaosema ati ni kama pikipiki yenye mabawa.

Mambo madogo yanayomshangaza rubani mgeni akishatua Rwanda: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, kwa hiyo sandwichi zake zilizofungwa vizuri kutoka Nairobi zitafunguliwa. Na akija Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi atakuta barabara tupu, watu wote wako kwenye umuganda na majembe. Petroli ya injini ndogo, ile yenye rangi ya samawati, ni shida kuipata huku kwetu. Ndiyo maana ndege nyingi za misaada zina injini inayokunywa mafuta yanayofanana na mafuta ya taa, yale yale ya ndege kubwa.

Kuna watu waliotuuliza habari za Januari 2025. Vita vilipoingia Goma mwishoni mwa mwezi ule, uwanja wa Goma ulifungwa. Wageni na wafanyakazi wa misaada waliovuka mpaka waliingia Gisenyi kwa miguu na kwa magari, wakapelekwa Kigali kwa mabasi. Wengi walishangaa: mbona wasipandishwe ndege pale pale? Mkijumlisha yote tuliyoandika hapo juu mtaona wenyewe. Ndege ya kubeba watu wengi haienei pale, ya kubeba wachache inaondoka na wachache zaidi kwa sababu ya hewa, na anga lenyewe siku zile halikuwa la kuchezea. Basi lilikuwa haraka zaidi.

Tulimrudishia mama majibu haya tukiwa na wasiwasi kwamba atavunjika moyo. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Kumbe ndege nayo ni mkimbizi." Halafu akauliza habari za zile baiskeli za mkono za magurudumu matatu, ambazo ndugu zetu walemavu wamekuwa wakivushia mizigo Petite Barrière, kama zinaweza kubeba bibi mmoja mwembamba mwenye karatasi zake. Tumeuliza, na zinaweza, zimebeba mizito kuliko huyo. Kinachobaki ni karatasi za bibi, na mpaka uwe wazi siku hiyo. Kama kuna mtu ana jamaa Goma anayejua njia ya kupata karatasi hizo bila kudanganywa pesa, apite ofisini kwetu amwone mama.

Jambo moja tulikuwa hatulijui kabisa, Kapiteni alituambia siku ya mwisho, akisubiri basi la kurudi Kigali. Ule Mkataba wa Chicago una ibara ya 25. Ndege ya nchi yoyote ikipata shida angani, injini imezima, moto umewaka, mgonjwa anakata roho, rubani anaita "Mayday" mara tatu na kuweka namba 7700 kwenye chombo chake, na nchi iliyo chini yake imeahidi kuisaidia kadiri inavyoweza. Inatua kwanza. Mambo ya kibali, forodha, mhuri, yanaulizwa baadaye. Kapiteni amefanya hivyo mara moja katika maisha yake, katika nchi ambayo hakuwa na kibali chake. Tukamwuliza walimpokeaje. Akasema walimpa chai, halafu wakamhoji kwa saa sita.

Watoto: ndege ndogo ikipita chini juu ya kambi au mkiiona uwanjani, msikimbilie magurudumu. Tazameni ubavu wake karibu na mkia, someni herufi za kwanza, andikeni nchi yake na siku mliyoiona. Leteni karatasi zenu ofisini kabla ya tarehe 20. Atakayeleta nchi nyingi tofauti jina lake litaandikwa toleo lijalo. UN haihesabiwi.